Pendo aliondolewa mchana mmoja: uchambuzi wa kisa cha walezi wa kambo na mtoto mwenye selimundu

Majina yote humu yamebadilishwa. Mji, wilaya, hospitali na ofisi hazitajwi, na mambo machache yamegeuzwa ili familia hizi mbili zisitambulike. Nilikifuatilia kisa hiki nikiwa msaidizi wa kisheria katika kituo ambacho walezi walikuja kuomba msaada. Nakiandika kwa ajili ya walezi wa kambo (wale wanaomlea kwa muda mtoto wa wengine kupitia ustawi wa jamii), maafisa ustawi wa jamii na wasaidizi wa kisheria wenzangu, kwa sababu migogoro ya aina hii huvuta kelele nyingi na mtoto mwenyewe akasahaulika katikati yake.

## Usuli

Pendo aliachwa wodini akiwa na miezi 11 hivi. Mama yake, binti aliyetoka Kanda ya Ziwa kuja kufanya kazi za ndani katika mji mmoja wa pwani, alimleta hospitali mikono na miguu imevimba, mtoto akilia kila akiguswa. Vipimo vikaonyesha selimundu, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu. Siku ya tatu mama aliaga kwamba anakwenda kununua uji. Hakurudi.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, takriban 11,000 kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni mojawapo ya maeneo yaliyoathirika zaidi. Ni ugonjwa wa kurithi, na mtoto haupati mpaka arithi hitilafu hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, maana baadaye karibu kila mtu katika kisa hiki alilisahau.

Ustawi wa jamii wa hospitali walifungua jalada, tangazo likatolewa, mtoto akapelekwa makao ya watoto. Miezi kadhaa baadaye alikabidhiwa kwa wanandoa walioomba malezi ya kambo. Nitawaita Mama Pendo na Baba Pendo, kama majirani walivyowaita. Mama ni fundi cherehani anayeshonea nyumbani, baba ni dereva wa kampuni. Walipita hatua zote: barua ya serikali ya mtaa, wadhamini, vipimo vya afya, afisa kuja kukagua nyumba. Nia yao ilikuwa kumwasili, yaani awe mtoto wao kisheria. Kwa Tanzania Bara maombi ya kuasili hupelekwa Mahakama Kuu, nao walikuwa bado wanakusanya nyaraka na pesa za wakili. Siku ya makabidhiano afisa mmoja aliwaambia, "Huyu sasa ni wenu." Aliisema kwa moyo mweupe, na wao wakaishi na kauli hiyo kwa zaidi ya miaka 2.

Katika muda huo Mama Pendo aliusoma ugonjwa kuliko wengi wetu tunavyousoma wa watoto wetu wa kuzaa. Muuguzi wa kliniki alimfundisha kupapasa bandama: mtoto alale chali, magoti ayakunje, vidole viwili vipite taratibu chini ya mbavu za kushoto. Kwa mtoto mwenye selimundu bandama linaweza kujaa damu ghafla na kumuua ndani ya saa chache, na mlezi anayejua ukubwa wake wa kila siku ndiye wa kwanza kushtuka. Kila kitu alikiandika kwenye kaunta buku: joto la mwili, haidroksiyurea (dawa ya kila siku inayopunguza mashambulizi ya maumivu), vidonge vya foliki, penisilini ya asubuhi na ya jioni, siku ambazo mtoto alilalamika mguu, vikombe vya maji alivyokunywa. Ukurasa mmoja niliousoma ulikuwa na mstari huu: "Leo kaamka kanuna, hajasema anaumwa, ila kakataa kuvaa kiatu cha kulia. Nimempa maji na dawa ya maumivu, mchana kacheza." Daktari hawezi kuandika hivyo, kwa sababu hakuwepo asubuhi ile.

Upande wa ofisi, utafutaji wa ndugu ulikoma mtoto alipopata nyumba. Baadaye tulikuja kugundua kwamba rejista ya wodi ilikuwa na jina la kata na kijiji cha mama mzazi. Hakuna aliyepiga simu kule.

## Mchana wa kuondolewa

Mama mzazi alifariki. Kabla ya kufa alimweleza kaka yake mahali alipomwacha mtoto. Bibi, mama wa marehemu, akamtuma huyo mjomba aende akamtafute mjukuu. Mjomba alikuja na barua ya mtendaji wa kijiji, picha za marehemu, na kadi ya kliniki ya mtoto ambayo namba yake ililingana na rejista ya hospitali. Kwa ofisi, udugu ulithibitika.

Alhamisi asubuhi Mama Pendo alipigiwa simu aje na mtoto "kwa mahojiano mafupi". Alipofika akamkuta mjomba. Akaelezwa kwamba ndugu wamepatikana, kwamba malezi ya kambo ni ya muda, na kwamba mtoto anaondoka na basi la jioni. Mumewe alikuwa safarini na gari la kampuni. Simu ilipatikana mara moja ikakatika. Bodaboda alitumwa nyumbani kuleta begi la nguo. Penisilini ilikuwemo mkobani, akaitoa. Kapsuli za haidroksiyurea zilibaki kabatini, na kaunta buku likabaki mezani pembeni ya cherehani. Pendo, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia miaka 4, aliambiwa anakwenda kutembea. Aliondoka na mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo, akiuliza kama mama anapanda gari hilo hilo.

Nimezungumza na afisa aliyehusika. Alikuwa peke yake akihudumia kata kadhaa. Mjomba hakuwa na pesa ya kulala mjini hata usiku mmoja. Na afisa aliogopa kwamba walezi wakipewa taarifa mapema wangemficha mtoto, jambo ambalo alikuwa amelishuhudia katika shauri jingine. Sababu hizo nazielewa. Bado nasema wazi kwamba mtoto wa umri ule, mwenye ugonjwa ule, hakustahili kuhamishwa hivyo.

## Siku za mwanzo: video

Baba Pendo aliporudi safari, akaenda ofisini akafoka, akatolewa nje na mlinzi. Usiku ule shemeji yake alitengeneza video ya dakika 2: picha ya Pendo amevaa gauni la sikukuu, sauti ya baba ikisema mtoto wao mgonjwa ameibwa na watu wasiojulikana, na maombi kwa yeyote mwenye taarifa apige simu. Video ilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp kwa kasi ya ajabu.

Ilifanya mambo matatu kwa siku chache. Ofisi ilifunga mlango na kusema haitazungumza na walezi hadi suala la tuhuma za wizi limalizike. Uso wa Pendo na ugonjwa wake vikawa mali ya kila mwenye simu. Na video ikafika kijijini, ambako bibi, aliyetoka kumzika binti yake, alimsikia mtu asiyemjua akimwita mwizi wa mjukuu wake mwenyewe.

Baba Pendo alipiga pia 116, ile namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Simu hiyo ndiyo iliyozaa kitu, kwa sababu kupitia hapo ilipatikana namba ya afisa ustawi wa jamii wa wilaya alikopelekwa mtoto.

## Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Walikuja kituoni kwetu na bahasha ya risiti na barua ya kurasa 8 aliyoandika Baba Pendo kwa mkono. Barua ilieleza gharama za matibabu, usiku wa kukesha hospitali, ahadi ya "huyu sasa ni wenu", na ikaishia kudai mtoto arudishwe ndani ya siku 7. Kila neno lilikuwa la kweli. Nilimwambia kwamba barua ile ilikuwa inawatetea wao, na ofisi ingeijibu kwa sentensi moja: malezi ya kambo ni ya muda.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutenganisha dawa na ugomvi. Suala la mtoto akae wapi lingeweza kuchukua miezi. Suala la haidroksiyurea na homa lisingesubiri. Siku hiyo hiyo tulimpigia afisa wa wilaya ya Kanda ya Ziwa, hatukutaja kurudishwa kwa mtoto hata mara moja, tukamtumia picha za kurasa 4 za kaunta buku pamoja na muhtasari wa kliniki uliosainiwa na daktari. Ombi lilikuwa moja tu, kwamba mtoto aonwe hospitali ya wilaya na mlezi wake mpya aelezwe dalili za hatari.

Video ikaondolewa. Shemeji aliifuta na Baba Pendo akatuma ujumbe wa sauti kwenye makundi yale yale akisema mtoto yuko kwa ndugu zake wa damu na kwamba neno "kuibwa" halikuwa sahihi. Ilimwia vigumu. Alirekodi, akafuta, akarekodi tena akiwa amekaa kwenye benchi nje ya kituo.

Kisha tukaandika barua mpya, ya kurasa 2, kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Ilisimama juu ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: kifungu cha 4 kinachotaka maslahi bora ya mtoto yatangulie katika kila hatua inayomhusu, iwe ya mahakama au ya ofisi, kifungu cha 11 kuhusu haki ya mtoto kusikilizwa, na kifungu cha 94 kinachoipa halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Hatukudai mtoto arudishwe. Tuliomba kikao cha kujadili shauri lake, kikiwakutanisha ofisi zote mbili, kliniki, bibi na walezi, kiamue kuhusu tiba, mawasiliano na ufuatiliaji.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mama Pendo aliniuliza kwa nini tunaacha kudai kitu pekee anachokitaka. Nikamjibu kwamba anaweza kukidai kwenye kikao, mbele ya watu, na hakuna atakayemzuia. Lakini barua ikianza na dai hilo, kikao chenyewe hakitaitishwa. Hakufurahi. Alisaini.

Tulijadili pia kwenda mahakamani. Sheria inamtaja mzazi, mlezi au ndugu aliyekuwa akimtunza mtoto kuwa anayeweza kuomba haki ya kumtembelea, na tungeweza kujenga hoja kwamba walezi wa kambo wanaingia katika neno "mlezi". Hoja ilikuwepo, ila haikuwa na miguu imara, na ingemweka bibi upande wa pili wa chumba kama mdaiwa. Tukakubaliana mahakama ibaki mlango wa mwisho.

## Simu ya bibi

Afisa wa wilaya ndiye aliyeunganisha simu. Mama Pendo alikuwa amejiandaa kumfundisha bibi kuhusu selimundu: maji mengi, asikae kwenye baridi, homa isipuuzwe. Alifika sentensi ya tatu, bibi akamkatiza.

"Mwanangu, mimi nimezika wawili wa ugonjwa huo. Unadhani siujui?"

Kumbe jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo. Ugonjwa wa kurithi haushuki kutoka mbinguni. Familia ya mama mzazi ilikuwa imeubeba kwa vizazi. Bibi alijua kumkanda mtoto usiku kucha, alijua macho yanavyobadilika rangi kabla maumivu hayajaanza, alijua mtoto asioge maji ya mto asubuhi. Asichokijua ni kwamba ipo dawa ya kila siku, haidroksiyurea, inayopunguza mashambulizi ya maumivu, na kwamba penisilini humkinga mtoto mdogo dhidi ya maambukizi yanayoua haraka. Watoto wake walikufa kabla dawa hizo hazijawafikia.

Kwangu mimi simu hiyo ndiyo kitovu cha kisa chote. Walezi walikuwa wamejenga utetezi wao juu ya dhana kwamba kijijini hakuna anayejua. Kuanzia siku hiyo Mama Pendo aliacha kusema "wale watu" akaanza kusema "bibi yake".

Haikuchukua muda mtoto akapata homa. Bibi alimpeleka zahanati, wakapima malaria, wakampa dawa na kumruhusu. Bibi aligoma kuondoka. Alimpigia afisa, afisa akawatumia wahudumu ule muhtasari wa kliniki, na jioni Pendo akapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, akalazwa na kupewa antibayotiki ya mshipa. Alitoka akiwa mzima. Homa kwa mtoto mwenye selimundu ni dharura hata kama malaria imeonekana, na wahudumu wa zahanati walilifanyia kazi hilo mara tu walipoelezwa ana ugonjwa gani.

## Kikao na kilichoamuliwa

Kikao kilifanyika ofisi ya halmashauri wanakoishi walezi, wa Kanda ya Ziwa wakiwa kwenye simu iliyowekwa spika katikati ya meza. Mama Pendo alidai mtoto arudi, kama alivyosema atafanya. Mjomba akapinga kwa ukali. Muuguzi wa kliniki alizungumza kwa muda mfupi kuliko wote na ndiye aliyesikilizwa zaidi, kwa kuwa alijibu swali moja tu: mtoto huyu anahitaji nini Jumatatu asubuhi, popote atakapokuwa?

Iliamuliwa Pendo abaki kwa bibi kwa miezi 6 chini ya uangalizi, ahudhurie kliniki ya hospitali ya rufaa ya mkoa, walezi wazungumze naye kwa simu kila Jumatano na Jumapili, na wamtembelee. Walezi walijitolea kulipia nauli ya kliniki. Kaunta buku lilinakiliwa na kupelekwa kwa bibi kwa basi, pamoja na daftari jipya tupu na gauni la sikukuu.

Kwenye tathmini ya miezi 6 afisa wa wilaya alimsikiliza mtoto mwenyewe. Hakumuuliza anataka kukaa na nani, swali ambalo humbebesha mtoto mzigo wa wakubwa. Alimpa karatasi na kalamu za rangi, akamwambia achore nyumba. Pendo alichora nyumba moja, akamweka bibi, mama, baba, kuku wa bibi na cherehani. Alipoulizwa nyumba iko wapi, alisema bibi atakuja kukaa kwa mama. Uamuzi ulibaki ule ule, lakini ziara ziliongezwa, na taarifa ya afisa ilieleza kwa maandishi kwamba mtoto ana familia mbili anazozitambua.

## Matokeo

Pendo yuko kwa bibi. Anakunywa haidroksiyurea, damu inapimwa kliniki, na tangu homa ile amelazwa mara moja tu. Mama Pendo huenda Juni na Desemba. Baba Pendo hajaenda hata mara moja; huzungumza naye kwa simu, na nadhani anahitaji muda ambao hakuna kikao kinachoweza kumpangia. Jalada la kuasili limefungwa. Walezi hawajaomba kukabidhiwa mtoto mwingine.

Yapo mengine hayajakaa sawa. Haidroksiyurea huadimika wilayani, na mara mbili dawa imetoka pwani ndani ya kifurushi cha basi. Mjomba bado anaona ziara za walezi ni kuingiliwa.

## Uchambuzi

Kosa kubwa halikutokea ile Alhamisi. Lilitokea miaka miwili nyuma, utafutaji wa ndugu uliposimama kwa sababu mtoto ameshapata pa kulala. Simu moja kwa mtendaji wa kata iliyoandikwa kwenye rejista ingemfikia bibi wakati Pendo bado hajafikisha miaka 2, na pengine ingemkuta mama mzazi akiwa hai. Jalada la mtoto aliyeachwa lisihesabiwe limekamilika kwa kuwa kitanda kimepatikana.

Kosa la pili ni ile kauli ya "huyu sasa ni wenu". Mlezi wa kambo anayeambiwa hivyo hujiandaa kuwa mzazi wa kudumu, na ndugu wanapotokea huwaona maadui. Kwenye semina za walezi tunazungumzia usafi, lishe na adhabu. Siku ambayo ndugu atabisha hodi haizungumzwi. Ningependa kila mlezi aulizwe kabla ya kukabidhiwa mtoto: bibi yake akija mwaka ujao, utamkaribishaje?

Namna ya kumwondoa mtoto ni suala tofauti na haki ya ndugu, na kisa hiki kilikwama muda mrefu kwa sababu pande zote ziliyachanganya. Walezi walidhani wakithibitisha kwamba alihamishwa vibaya, atarudi. Ofisi ilidhani ikithibitisha kwamba bibi ana haki, namna alivyohamishwa haitaulizwa. Bibi alikuwa na haki, na mtoto alihamishwa vibaya. Muongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala unasisitiza yote mawili: mtoto arudi kwa familia yake inapowezekana, na urudi huo uwe wa hatua kwa hatua, chini ya uangalizi. Hata wiki 2 zingetosha kumleta bibi kliniki, kumkabidhi dawa mkono kwa mkono, na kumwacha Pendo amzoee mjomba akiwa sebuleni kwa watu anaowajua. Nauli na chakula cha wiki hizo visingezidi gharama ya siku alizolazwa.

Kilichowapa walezi nguvu ni kaunta buku. Risiti zilionyesha walichotoa, na hakuna aliyetaka kuziona. Daftari lilionyesha wanachokijua kuhusu mtoto, na kila ofisi iliyolisoma ilipiga simu. Mlezi wa kambo hana hati ya kumiliki chochote, ila ana kumbukumbu ambazo hazipo kwenye jalada lolote, na mbele ya afisa au hakimu hizo ndizo hoja zake za kwanza.

Kuhusu mahakama bado najadiliana na wenzangu. Wapo wanaosema tungefungua maombi mapema ili kuweka shinikizo. Mimi naona shinikizo lingempoteza bibi, na bibi ndiye aliyegoma kuondoka zahanati.

Pengo lililobaki ni la kisheria, na liko upande wa bibi. Hana amri yoyote ya mahakama mkononi, ana barua ya makabidhiano tu. Pendo akihitaji upasuaji, hospitali itauliza nani anasaini, na mjomba ameshaanza kusema ni yeye. Maombi ya bibi ya kukabidhiwa mtoto kisheria yameshaandaliwa kwenda Mahakama ya Watoto. Shahidi wa kwanza upande wake ni Mama Pendo.